Panya majitu na sindano za jimu: hoja ya viungo ina nguvu, ya kinga bado

Kwenye majimu ya Ngamiani, hapa Tanga, ubishi kuhusu homoni ya ukuaji, inayodungwa ili kujaza misuli, siku hizi haukosi panya. Anayeipinga sindano anasema panya waliozidishiwa homoni hiyo waliharibika viungo, yaani maungio ya mifupa, na kinga yao ikayumba. Anayeitetea anakunja mkono, msuli unasimama, anauliza: "Kwani mimi panya, kaka?" Wote wana hoja, ila hazina uzito sawa.

Panya hao walianza kuvuma mwaka 1982. Richard Palmiter, Ralph Brinster na wenzao huko Marekani walipandikiza jeni ya homoni ya ukuaji kwenye mayai ya panya, na baadhi ya watoto waliozaliwa wakakaribia uzito mara mbili wa ndugu zao. Baadaye wakatengenezwa wenye jeni ya homoni hiyo kutoka kwa ng'ombe, na hao ndio waliochunguzwa sana. Wamejaza mwili na hawana mafuta mengi, yaani umbo lile lile linalotafutwa jimu. Lakini figo na ini lao huharibika, na huishi karibu nusu ya umri wa panya wa kawaida. Gegedu za viungo vyao, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, nazo huchakaa.

Utetezi wenye maana ni wa dozi. Panya yule anaogelea kwenye homoni mchana na usiku maisha yake yote. Kijana anajidunga kidogo, kwa miezi michache. Hilo ni kweli, na laiti ushahidi wa viungo ungeishia kwa panya, ningenyamaza. Ila wapo binadamu wenye akromegali, ambao uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huwamwagia homoni hiyo kupita kiasi. Pete inagoma kutoka kidoleni, viatu vinapanda namba. Gegedu zao kwanza hunenepa, hata eksirei ikaonyesha nafasi ya kiungo imepanuka, ungedhani ni afya. Kisha hupasuka na kulika, na hata homoni ikishushwa kwa matibabu, maumivu mara nyingi hubaki. Hata wazee wasio na ugonjwa huo waliodungwa kwenye majaribio walilalamikia maumivu ya viungo na ganzi ya mikono. Hapo panya na mtu wanasema jambo moja.

Tusivuke mpaka lakini. Panya wa maabara wenye upungufu wa homoni hii nao wamekutwa na gegedu zilizochakaa zaidi, kwa hiyo kiungo kinaihitaji. Tatizo ni kuzidi.

Kwenye kinga, wapingaji wanajiamini kupita kiasi. Mwaka 1986 Keith Kelley na wenzake waliwapandikizia panya wazee seli zinazotoa homoni hiyo, na tezi ya thaimasi, inayokomaza askari wa kinga, ikarudi kukua baada ya kusinyaa kwa uzee. Kwa panya majitu, thaimasi na bandama vilikuwa vikubwa, ila seli zao za kinga zilipochokozwa maabara ziliitika kwa unyonge. Ukubwa wa kambi si wingi wa askari wanaojua vita. Isitoshe, panya wa maabara hulelewa kwenye vizimba safi. Kinga yake haijawahi kupambana na malaria kama ya mtoto wa Muheza. Kumwambia kijana kwamba sindano itamshusha kinga, kwa ushahidi huu, ni kumtisha tu.

Nirudi kwenye dozi, maana ndiyo ngome ya watetezi. Homoni hii ni protini, hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kichupa kinachouzwa kwa kificho hukaa kwenye friji ya soda, pembeni ya maji ya Kilimanjaro, na umeme ukikatika saa saba mchana mwezi wa Februari, friji inakuwa kabati. Anayesema "mimi natumia kidogo" anasoma namba ya kwenye boksi. Kilichomo ndani ya kichupa hajakipima, na aliyemuuzia pia hajakipima.