Mlango wa droni si wa kubebea mzigo

Anayeunda droni ya kupelekea dawa huanza na betri na propela. Mlango wa mzigo hungoja wiki ya mwisho: kipande cha plastiki, bawaba mbili, sevo moja ya bei rahisi (mota ndogo inayozungusha mkono wake kwa amri), basi. Halafu boksi la dawa linalazwa juu ya mlango huohuo, na sevo inalishikilia kutoka kuruka hadi kufika. Mimi nasema mlango ubaki kifuniko tu, mzigo uwe na kishikio chake.

Piga hesabu. Chukua mlango wa sentimita 20 kwa 30, bawaba ikiwa upande ule mrefu. Boksi la kilo 2 likikaa katikati, liko sentimita 10 kutoka kwenye bawaba. Droni ikipaa kwa ghafla au ikitupwa na upepo wa ziwani, kilo 2 zinavuta kama kilo 4. Hizo ni kg·cm 40 kwenye bawaba, yaani nguvu ya kuzungusha: kilo mara sentimita. Sevo ya MG996R, ile inayojaa madukani, ina kama kg·cm 10. Na upepo wenyewe usiudharau: droni ikienda kilomita 100 kwa saa juu ya Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, mlango huo ukisimama wima kuukabili upepo utasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 2.5. Hiyo nayo ni kg·cm 25.

Sevo iliyolemewa haishindwi kimyakimya. MG996R ikikwama hunywa ampea 2.5 au zaidi. Ikiwa inagawana umeme wa volti 5 na GPS na kompyuta ya droni, volti zinashuka, kompyuta inajizima na kuwaka upya angani. Watu watasema mlango uligoma, kumbe droni ilizimia. Ipe sevo chanzo chake cha umeme, hata kama kitaongeza gramu 15.

Kishikio chenyewe si kitu cha ajabu. Fundi yeyote wa Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, atakutengenezea. Pitisha mkanda wa milimita 20 chini ya boksi. Ncha moja ifungwe kwa bolti kwenye fremu, ncha nyingine iwe na pete ya chuma inayoning'inia kwenye pini. Pini iwe ya chuma kisichoshika kutu, milimita 4, ikipita kwenye bushi (vibomba vifupi vya kuielekeza) mbili za shaba, pete ikiwa katikati. Bushi za nailoni ziache: nailoni hunywa unyevu na kuvimba, na pini iliyoteleza vizuri mezani itakaza msimu wa mvua. Nafasi ya milimita 0.2 kati ya pini na bushi inatosha.

Sasa rudia hesabu. Mkanda una ncha mbili, kwa hiyo pini inabeba nusu tu, kilo 2 kati ya zile 4. Msuguano wa chuma kavu tuuweke 0.3 ya uzito, nao uko mahali pawili, kwenye pete na kwenye bushi. Sevo kuichomoa pini ili pete iachie kunahitaji nguvu ya kilo 1.2. Mkono wa sevo ukiwa sentimita 1.5, unapata kg·cm 1.8. Zidisha mara tatu kwa ajili ya vumbi na uchakavu, bado MG996R ileile iliyoshindwa na mlango inaifanya kazi hii bila jasho.

Springi ndogo iisukume pini kuelekea kufunga. Wapo wanaopendelea umeme ukikatika mzigo uachiliwe, droni iwe nyepesi. Sikubaliani nao. Kilo 2 kudondoka kwenye mabati ya mtu ni balaa kuliko kutua na mzigo.

Milango yenyewe sasa ni kazi ndogo. Bawaba usiziweke nyuma: mlango utageuka kuwa kikombe cha kukinga upepo na utang'oka. Bawaba za mbele zinafaa droni inayosimama hewani. Lakini kwa droni ya mabawa inayoangusha boksi ikiwa mwendoni, upepo unaurudisha mlango juu na kulichapa boksi linapotoka. Hapo tumia milango miwili yenye bawaba pembeni, iliyoshikwa na sumaku ndogo. Uzito wa boksi uifungue, springi iirudishe. Uwazi uzidi boksi kwa milimita 15 kila upande, na kama kuna parachuti, kona zote zipigwe msasa mpaka uzi usinase.

Mwaka 2021 IDI, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ilianza kutumia droni kupeleka ARV visiwani Kalangala, ndani ya Ziwa Victoria. Huko adui ni unyevu, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi na kujaa kwenye kila upenyo. Karamoja, kule kukavu kaskazini-mashariki mwa Uganda, adui ni vumbi. Usipake grisi kwenye bawaba, kwa sababu grisi na vumbi huzaa tope linalosaga chuma. Tumia unga wa grafaiti. Vipande vya printa ya 3D viwe vya plastiki ya PETG, kwani ile ya PLA hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa juani halihitaji muda mrefu kulegeza kipande cheusi kilichowekwa kwenye dashibodi.

Kingine kinachosahaulika: sevo haijui kama mzigo umetoka. Inajua tu kwamba imezunguka. Weka swichi ndogo inayobonyezwa na boksi lenyewe. Swichi ikibaki imebonyezwa baada ya majaribio mawili, droni irudi nyumbani, isiendelee kujitikisa juu ya vichwa vya watu.

Kabla ya kuruka, ining'inize droni kwenye kamba na uachie mzigo mara 200: mara nyingine ikiwa imeinama nyuzi 20, mara nyingine imemwagiwa maji, na mara hamsini za mwisho betri ikiwa karibu kuisha. Kisha ifunge vizuri nyuma ya bodaboda, mzigo ukiwa ndani, uipitishe kilomita 10 za barabara ya vumbi. Ukirudi chomoa pini uitazame juani. Ikiwa inang'aa upande mmoja tu, bushi zako hazijanyooka.