Egometrini iende pamoja na jokofu na kipimo cha presha

Sioni sababu ya zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika kuacha kutumia egometrini, sindano ya kuzuia mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, lakini napinga kabisa kuipeleka mahali ambako hakuna jokofu la uhakika wala kipimo cha presha kinachofanya kazi.

Asili yake ni kuvu iitwayo Claviceps purpurea, ambayo huota kwenye masuke ya rai na kwa karne nyingi iliwadhuru watu wa Ulaya waliokula mkate wa nafaka hiyo. Mwaka 1935, Harold Ward Dudley na John Chassar Moir waliitenga egometrini jijini London. Dawa hiyo huukaza mji wa mimba kwa nguvu na kwa muda mrefu, hata mishipa iliyoachwa wazi na kondo la nyuma ikabanwa na damu ikapungua. Tatizo ni kwamba hubana pia mishipa ya sehemu nyingine za mwili, presha ikapanda. Kwa hiyo mama mwenye presha ya juu, kifafa cha mimba au ugonjwa wa moyo hapewi, wala haichomwi kabla mtoto hajazaliwa, na kama ni mapacha, kabla ya yule wa mwisho. Mkunga asiye na kipimo atamjuaje mama wa kumnyima?

Halafu kuna joto. Egometrini hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Mama anayevuja damu katika vijiji vya mwambao kama Kalya au Buhingu, ambako rufaa ya kwenda Kigoma mjini huweza kutegemea boti na hali ya mawimbi, hana muda wa kupoteza kwa sindano iliyokwisha nguvu.

Najua wapo wanaosema jokofu la zahanati ni la chanjo peke yake. Sikubaliani nao, kwa sababu chanjo nyingi huhifadhiwa kwenye nyuzi hizo hizo, na nafasi ya vichupa vichache ikipangwa vizuri haizuii kitu. Hata oksitosini, dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba ambayo ndiyo hutangulizwa kwa kiasi cha yuniti 10, huhitaji ubaridi. Kabetosini isiyoharibiwa na joto, dawa ya aina hiyo hiyo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018 kwa ajili ya kukinga mama asivuje damu, inafaa sana vijiji hivi, ingawa haiondoi haja ya dawa za kutibu mama ambaye tayari anavuja damu.

Ningependa halmashauri zinapopitisha maombi ya dawa za uzazi zidai kwanza rejista ya joto la jokofu ya kila zahanati, na zinunue kipimo cha presha kwa kila chumba cha kujifungulia kisicho nacho.