Kipepeo Aliyenichongea

Watu wengi hudhani kwamba kila kipepeo ni kiumbe wa maua, nami nisingekuwa na sababu ya kuwabishia laiti nisingekutana na Charaxes bohemani, kipepeo mkubwa mwenye samawati inayong'aa karibu na kiwiliwili na weusi kwenye ncha za mabawa. Maua hana habari nayo. Huyu hunywa utomvu wa miti, maji ya matunda yaliyochacha na, nasikitika kusema, kinyesi, hasa cha wanyama walao nyama. Katika hifadhi tuliyoitembelea alikuwa hajaonekana kwa muda mrefu, na kiongozi wetu alikuwa ametundika ndizi zilizochachushwa kwenye matawi ya mbambakofi, mti ambao majani yake huliwa na viwavi wa kipepeo huyo, akitumaini kwamba harufu itamleta.

Harufu ilimleta kweli, ila haikuwa ya ndizi.

Kabla hatujafika kwenye chambo nilichepuka nyuma ya kichaka kwa haja ndogo, na huko mguu wangu wa kushoto ukatumbukia katika haja kubwa ya fungo. Mnyama huyu ana mazoea ya kurudi kujisaidia mahali pale pale usiku baada ya usiku, kwa hiyo kinachokusanyika hapo si kitu cha kupanguswa kwa jani moja. Najua kwamba fungo ndiye anayetoa zabadi, ambayo imetiwa katika manukato tangu zama za kale, lakini zabadi hutoka katika tezi zake, na nilichokanyaga mimi hakikuwa na udugu wowote na manukato. Kilijaa mbegu za matunda na vipingili vya jongoo, maana fungo hula jongoo bila kinyaa, na vipingili hivyo vilijipanga vizuri katika mifereji ya soli yangu vikakataa kutoka, ingawa nilisugua kiatu kwenye nyasi, kwenye jiwe na kwenye shina la mti ambao naamini haukustahili.

Niliporudi kundini, kiongozi alinusa hewa na kutangaza kwa furaha kwamba tunapita karibu na choo cha fungo. Tulitembea mwendo mrefu, naye akanusa tena, akakunja uso na kusema kwamba inaelekea fungo wa hifadhi hii wameongezeka mno. Nilitikisa kichwa kwa uzito, kama mtu anayeguswa na habari za uhifadhi. Mzee mmoja aliyebeba kamera yenye lenzi ndefu alikagua viatu vyake, mama mwenye kofia pana akakagua vyake, nami, ili nisionekane mwenye kiburi, nikainua kiatu cha kulia na kukionyesha kwa kila aliyetaka kukiona.

Tuliketi mbele ya ndizi tukangoja. Wakaja nzi, wakaja nyigu, wakaja vipepeo wadogo wa kahawia ambao hakuna aliyewajali. Kisha kitu cha samawati kikakata hewa kwa kasi, kikazizunguka ndizi mara moja bila kutua, kikashuka moja kwa moja hadi kwenye kiatu changu cha kushoto.

“Usisogee, kaka,” kiongozi alinong'ona. “Hata usipumue sana.”

Kwa umbali ule nilimwona kama nisivyopata kumwona kipepeo mwingine yeyote. Alisimama kwa miguu minne tu, kwa sababu jozi ya mbele katika ukoo wake imedumaa na kukunjwa kifuani. Vipepeo huonja kwa miguu, na huyu alitembea ukingoni mwa soli akionja hapa na pale, mpaka alipopata alichokitaka, akakunjua mrija wake na kuusukuma chini ya kiatu. Wenzangu wote walilala kifudifudi kunizunguka, kamera zikielekezwa kisiginoni.

“Mwanangu,” mzee akasema kwa upole, “hebu inua ncha ya kiatu kidogo, hatumwoni kichwa.”

Niliinua. Soli ikaonekana yote, pamoja na jongoo wake. Kiongozi, ambaye hakuwa na nia mbaya, alianza kueleza kwa sauti ya kufundishia kwamba dume wa namna hii hutafuta chumvi na naitrojeni, na kwamba kuna vipepeo ambao dume humkabidhi jike chumvi hizo wakati wa kupandana, kama zawadi ya arusi. “Kwa hiyo,” alihitimisha, “akitua kwenye kiatu, basi mwenye kiatu...” Hapo akanyamaza. Kamera zilishuka moja baada ya nyingine, na nyuso zikapanda taratibu kutoka kiatuni hadi usoni pangu, nikabaki nimeinua mguu hewani, bwana arusi asiye na mahali pa kukimbilia.

Kilichoniokoa kwa muda ni msuli wa paja, ambao ulikakamaa, nami nikaanguka chali juu ya mkoba wa yule mama. Kipepeo aliruka juu, akangoja nitulie, kisha akarudi kwenye kiatu kile kile. Mwishowe niliombwa nikivue na kukiacha chini, nami nikakaa pembeni na soksi moja, wakati kiatu changu kikipigwa picha nyingi kuliko nilizowahi kupigwa mimi.

Kabla ya kuondoka, kiongozi alifungua daftari la hifadhi na kujaza jina la kipepeo, jinsia na saa. Penye chambo kilichotumika aliandika ndizi, akafikiri, akakata, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri: “Kinyesi cha fungo, kiatuni mwa mgeni.” Yule mzee alisoma juu ya bega lake, akaridhika, akanigeukia.

“Mwanangu, tutakuja tena mwezi ujao,” alisema. “Tafadhali, kiatu hicho usikioshe.”