Bima ya afya kwa wote: nani alipie, na alipie lini?

Katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, mama aliyeshuka na mikungu ya ndizi kutoka Kibosho huwa amekwisha kuipangia kazi fedha yake kabla mteja wa kwanza hajafika: nauli ya kurudi, madaftari ya mtoto, hisa za kikoba. Hana mwajiri wala hati ya mshahara. Naamini kila pendekezo la bima ya afya kwa wote lipimwe kwa mama huyu, kwa sababu watu wa aina yake ndio wengi.

Kwa mtumishi wa umma jambo ni jepesi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, yaani NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, hupokea asilimia 6 ya mshahara wake, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, naye hukatwa kabla hajaishika fedha hiyo. Walio nje ya ajira rasmi waliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, uliojaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa 2018, ambapo kaya ya watu sita katika mikoa mingi ililipa Sh30,000 kwa mwaka. Kujiunga kulikuwa kwa hiari.

Wanaotetea hiari wana hoja ya kweli, kwamba si haki kumlazimisha mtu kununua huduma asiyoiamini. Mzee mmoja jirani yangu alinionyesha kadi ya CHF ya kaya yake, ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kikaratasi alichoandikiwa kwenye zahanati ili akanunue dawa ya presha duka la dawa. Alilipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na mwaka uliofuata hakukata tena.

Hata hivyo, hiari huudhoofisha mfuko, kwa kuwa anayejiunga haraka ni yule ambaye tayari anaumwa. Toto Afya Kadi, iliyogharimu Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023 kwa maelezo hayo hayo: wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua, na michango ikazidiwa mbali na gharama za matibabu.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Lakini nani atamfuata mama wa Mbuyuni? Muswada wa mwaka 2022 ulipendekeza kuifungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva, yaani asiye na bima asipewe, ukalalamikiwa sana, na kwa haki, kwa maana kumnyima dereva wa bodaboda leseni ni kumwondolea riziki ambayo angeilipia hiyo bima. Kenya, tangu Oktoba 2024, inatoza asilimia 2.75 ya kipato, na asiye na mshahara hukadiriwa kipato chake. Ugumu wote umehamia kwenye makadirio hayo. Rwanda imefanikiwa zaidi kwa sababu lazima yake ilikwenda pamoja na michango iliyopangwa kwa viwango vya uwezo, na serikali ikawalipia walio maskini kabisa.

Njia ya tatu ni kodi. Ghana, kwa sheria yake ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma kwa ajili ya bima. Uzuri wake ni kwamba kila mtu huchangia kidogo kidogo anaponunua. Ubaya wake ni kwamba maskini naye huguswa, na fedha ikishaingia hazina inaweza kuchelewa kuufikia mfuko, jambo ambalo Ghana yenyewe imelishuhudia. Kwa upande wetu, kugeukia kodi za vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha ili kuwagharamia wasio na uwezo ni uamuzi ninaouunga mkono, mradi fedha hizo ziende moja kwa moja.

Kwa walio katikati, wasio fukara wala waajiriwa, ningetaka mchango ufuate msimu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro akikatwa kwa ridhaa yake kwenye chama cha msingi anapolipwa mauzo, hataumia sana; ukimdai wakati wa masika, hana kitu. Najua kahawa imepungua na wengi wamehamia kwenye ndizi na maziwa. Hao wafuatwe kwenye vikoba na vituo vya kukusanyia maziwa, walipe kwa awamu.

Linalobaki ni bei na dawa. Machi 2024 hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikipinga bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na malipo ambayo mfuko hulipia, na watu wenye kadi halali mkononi wakarudishwa. Na zahanati ikikosa dawa za kawaida, wagonjwa wote watapanda hospitali kubwa za Mawenzi na KCMC, ambako matibabu ni ghali zaidi kwa mfuko huo huo. Kwa hiyo, kabla ya kukusanya michango katika kata yoyote, ningetaka zahanati yake iwe na dawa za presha na kisukari kwa miezi kadhaa mfululizo, na orodha ibandikwe mlangoni. Mzee jirani yangu ameniambia atakata kadi nyingine siku atakapopewa dawa yake pale pale dirishani.