Daraja la watu mia tatu halina bei kwenye fomu

Fomu za kuombea ruzuku ya kujikinga na majanga huwa na swali moja linaloniudhi kuliko mengine yote: mali itakayookolewa na mradi huu ina thamani gani?

Mjini swali hilo halimsumbui mtu. Zuia maji yasiingie kwenye mtaa mmoja wa maghorofa na maduka, tayari umeokoa mabilioni. Kijijini nyumba ni chache, zimetawanyika, na thamani yake sokoni ni ndogo. Kalavati likisombwa na mafuriko, watu mia tatu wanabaki ng'ambo ya mto wiki tatu. Mjamzito hafiki zahanati, mazao yanaozea shambani, watoto wanakaa nyumbani. Sasa hayo utayaandika kwenye kisanduku kipi? Mara nyingi yanaishia kuwa aya moja ya maelezo, mahali ambapo anayetoa alama ameshachoka kusoma.

Marekani ni mfano mzuri kwa sababu kanuni zao zimeandikwa na kila mtu anaweza kuzisoma. Shirika lao la maafa, FEMA, linataka mradi wa kinga uthibitishe kwamba faida yake angalau inalingana na gharama. Kanuni hiyo haina ubaya machoni, nami siamini kwamba aliyeitunga alitaka kuwaonea wakulima. Lakini ukipima hasara kwa bei ya majengo, basi mwenye jengo la bei ndogo utamwona hana cha kupoteza.

Ukivuka hapo unakutana na mchango, yaani sehemu ya gharama anayotakiwa kuilipa mwombaji mwenyewe. Katika BRIC, mpango wao wa ruzuku za kujikinga na majanga ulioanza 2020, serikali kuu ililipa kwa kawaida asilimia 75 na mwombaji akatafuta 25. Jamii ndogo zenye umaskini, zisizozidi watu 3,000, zilipunguziwa hadi asilimia 10. Ni huruma, sikatai. Tatizo ni kwamba fedha za namna hii kwa kawaida hutoka kwa kurejeshewa: lipa kwanza, leta risiti, kisha subiri. Halmashauri ndogo ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki gharama ya mradi italipaje kwanza? Hakuna mkandarasi anayekubali kulipwa ahadi. Na hata hao waliovumilia mlolongo wote, Aprili 2025 walitangaziwa kwamba mpango unafutwa, majimbo yakakimbilia mahakamani. Kijiji kilichotumia miaka miwili kuandaa maombi hakina wakili wa kukimbilia huko.

Kuhusu andiko lenyewe la kuombea fedha sitasema mengi, maana kila aliyewahi kukaa kwenye kamati analijua. Anayepata ni mwenye mtu wa kuandika. Niliwahi kusoma andiko la kukabiliana na ukame ambamo, kurasa kadhaa ndani, lilichomoza jina la kijiji kingine kabisa. Mtaalamu mshauri alikuwa amenakili kazi yake ya zamani akasahau kubadilisha. Nilicheka, kisha nikajiuliza ni vijiji vingapi vimelipia maneno hayo hayo.

Huko juu kimataifa ngazi zinaongezeka tu. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioundwa 2010, hautoi fedha moja kwa moja kwa kijiji. Lazima zipitie taasisi iliyoidhinishwa, na kuidhinishwa huko kunaweza kula miaka. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, 2022, na mwaka uliofuata, kule Dubai, ahadi za kuanzia hazikufika dola bilioni moja kwa dunia nzima.

Najua jibu la wafadhili: fedha zikiachiwa bila masharti, zinaliwa. Kweli zinaliwa, na hata zenye masharti zinaliwa. Ila kiasi kidogo kilichobandikwa kwenye ubao wa kijiji, tarakimu zikionekana na kila mpita njia, ni kigumu kukiiba kuliko mamilioni yaliyofichwa kwenye ripoti ya kurasa mia mbili inayosomwa na watu wanne.

Tena kinachookoa watu mara nyingi hakina gharama ya kutisha. Kimbunga cha 1970 kiliua watu laki kadhaa katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baadaye pakajengwa mtandao wa watu wa kujitolea, sasa zaidi ya 70,000, wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera za tahadhari. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Makao ya kujihifadhia yalijengwa, ndiyo, lakini makao bila mtu wa kukugongea mlango usiku ni jengo tupu. Miezi miwili baadaye, mto Jamuna wa huko huko ulipotabiriwa kufurika, mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 kabla maji hayajafika kilele. Utabiri ulivuka kiwango kilichokubaliwa tangu mapema, fedha zikatoka. Hakuna aliyeambiwa akaandike andiko wakati maji yanapanda.

Kwa hiyo inawezekana kulipa mapema, na inawezekana kulipia watu badala ya saruji peke yake. Kinachokwamisha, naona mimi, ni kwamba kazi ya namna hiyo haipigiki picha. Mfadhili atakuja kuzindua daraja. Hatakuja kuzindua mtaro uliozibuliwa, wala posho ya anayesoma kipimo cha mto kila asubuhi, ingawa daraja linasombwa hasa kwa sababu mtaro ulio juu yake uliziba na hakuna aliyelipwa kuuzibua.

Ningepewa fomu hiyo niiandike upya, lile swali la thamani ya mali ningelifuta na kuweka mengine mawili. Njia ikikatika, mtakaa siku ngapi bila kufikiwa? Na mradi ukishakamilika, nani atautunza mwaka wa tano, na atalipwa na nani?