Iowa City: mto, chuo na kodi ya pango

Iowa City ulikuwa makao makuu ya jimbo la Iowa hadi 1857, serikali ilipohamia Des Moines na kukiachia chuo kikuu jengo la bunge. Tangu hapo mji huu wa Marekani umeishi kwa chuo. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 74,828, na wanafunzi wa chuo ni takribani 30,000. Kinachogawanya wenyeji sasa ni ukanda wa mto Iowa ulio kusini mwa katikati ya mji: maghorofa yajazwe pale, na apangishiwe nani?

Wenye hofu na mto wana sababu. Bwawa la kuzuia mafuriko la Coralville, lililokamilika 1958, liliwapa watu imani kupita kiasi, na chuo kikajenga majengo yake ya sanaa bondeni, ukumbi wa Hancher ukiwemo. Mafuriko ya 1993 yalikuwa onyo. Juni 2008 maji yalifurika juu ya bwawa na kuingia katika majengo zaidi ya 20 ya chuo. Ukumbi mpya wa Hancher, uliofunguliwa 2016, umebaki karibu na mto lakini mahali palipoinuka. Shule ya muziki ikahamishiwa katikati ya mji. Mtambo wa majitaka uliokuwa kandokando ya mto nao ukavunjwa, eneo lake likageuzwa bustani yenye ardhi oevu. Uamuzi huo wa bustani ndio ninaouheshimu zaidi, kwa sababu mto ukifurika tena utapata pa kutandaza maji bila kumhamisha mtu.

Wanaotetea maghorofa nao hawakosei. Mji usipopanda juu utatambaa hadi mashamba ya mahindi, na mfanyakazi atalazimika kununua gari ndipo afike kazini. Mpangaji wa karibu na chuo huenda kwa miguu au kwa basi. Wapo waliolalamikia kivuli cha jengo la Chauncey, lenye ghorofa 15. Ninawaelewa, ila kivuli ni adha ndogo kuliko kukosa nyumba.

Mimi nasimama na wajenzi, kwa sharti moja. Tangu 2016 mji unawataka wanaojenga makazi katika ukanda huo watenge asilimia 10 ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Ni hatua njema, na mji mdogo kuichukua kunahitaji ujasiri. Tatizo ni muda: sharti hilo hudumu miaka 10 tu.

Sasa waangalie wanaotegemea nyumba hizo. Iowa City una jamii kubwa ya Wakongo na Wasudani. Kiswahili na Kifaransa cha Kongo vinasikika madukani na makanisani. Mwaka 2017 wapiga kura walimchagua Mazahir Salih, mzaliwa wa Sudan, kuingia halmashauri ya mji. Hawa si wapita njia kama mwanafunzi anayekaa miaka minne na kuondoka. Wanazaa hapa, wanasomesha hapa.

Jengo lililoanza kupangishwa chini ya sharti hilo 2018, mwenye nyumba atakuwa huru kutoza bei ya soko ifikapo 2028. Mtoto aliyehamia humo akianza darasa la kwanza atakuwa bado hajamaliza sekondari.