Si Kila Mbwa Aliyekufa Kalishwa Sumu

Jumapili alfajiri mtoto wa mbwa wa jirani yangu hapa Kihonda, Morogoro, alikufa. Ilipofika saa tatu asubuhi mtaa mzima ulishajua nani kamuua kwa sumu. Ni fundi, yule kijana aliyekuwa anapandisha ukuta wa nyuma wiki nzima. Jumatano alipishana kauli na mwenye nyumba kuhusu malipo, na siku hiyohiyo mbwa alimbwekea, basi kesi ikaisha hapo. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ikawekwa picha ya mbwa, ikafuata picha ya fundi. Kijana alipokuja kufuata vyombo vyake alikuta watu wanane wanamsubiri getini. Hakupigwa, namshukuru Mungu na mjumbe wetu wa nyumba kumi aliyesimama katikati. Lakini aliondoka mikono mitupu, machozi yanamlenga.

Naandika haya nikiwa na hasira na sitaificha.

Yule mbwa nilimwona. Alhamisi jioni nilipopita pale alikuwa amejilaza kando ya banda, ugali wake na dagaa haujaguswa, nzi wametanda. Mbwa wa miezi mitatu! Kitoto cha umri ule kinakula mpaka sufuria inatembea. Ijumaa mama mwenye nyumba akaniambia kwa juu ya ukuta, "Dada, huyu mbwa anatapika povu la njano, sijui kaokota nini." Nikamwambia ampeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Akasema tusubiri baba arudi. Jumamosi akaharisha damu, na ile harufu ukishaikuta mara moja huisahau. Jumapili akafa.

Siku nne. Mbwa kaumwa siku nne mbele ya macho ya watu wazima, na alipokufa tukasema kauawa usiku.

Sumu ambayo watu hutegesha kwenye nyama, zile dawa kali za wadudu wa shambani, haifanyi hivyo. Inachukua dakika, au saa chache. Mbwa anatokwa mate kama bomba, anatetemeka, mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha sindano, anajikojolea, anapata degedege. Mbwa aliyekuwa mzima saa mbili usiku na saa sita amekakamaa, hapo uliza habari za sumu, nami nitauliza pamoja na wewe. Lakini mtoto wa mbwa asiyechanjwa, anayeanza kwa kukataa chakula, kesho yake anatapika, keshokutwa anaharisha damu, huyo mara nyingi ni parvo, ugonjwa unaoletwa na kirusi. Parvo haikuletwa na fundi mfukoni.

Kirusi hiki kilianza kuua mbwa duniani mwaka 1978, na ndani ya muda mfupi kilikuwa kimeenea duniani kote. Kinashambulia chembe zinazozaliana haraka: utando wa utumbo na uboho, ambako askari wa damu hutengenezwa. Utando ukishabomoka, maji yote ya mwili yanamwagika kwa juu na kwa chini, na bakteria wa tumboni wanapenya kuingia kwenye damu wakati mwili hauna askari wa kuwazuia. Ndiyo maana kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki, na mtu wa kukaa naye. Mbwa wengi wanaotibiwa mapema hupona, na akivuka siku tatu nne za mwanzo, matumaini ni makubwa. Wasiotibiwa wengi wanakufa, kama huyu.

Sasa sikilizeni kwa nini neno "sumu" linaniudhi kiasi hiki. Ukishasema sumu, umefunga mjadala. Huoshi banda. Huulizi chanjo. Humwambii jirani mwenye watoto wa mbwa awafungie. Unatafuta adui, na adui akishapatikana unanunua mbwa mwingine mwisho wa mwezi, unamweka kwenye banda lilelile, na sahani ileile. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye mazingira miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida hakiijali. Kinatembea kwa kandambili, kwa hiyo wale watu wanane getini wote walikanyaga pale na kurudi nacho majumbani kwao. Mbwa wa pili anakufa ndani ya wiki mbili na mtaa unasema, "Mnaona? Kuna mtu ana chuki na nyumba hii." Nimeshuhudia familia ikizika mbwa watatu mfululizo na kuvunja undugu na majirani wa miaka kumi na mbili, na hakuna siku hata moja mbwa mmoja alichomwa chanjo.

Na mimi nilikuwa hivyo. Mwaka 2017 nilikuwa na mbwa nikimwita Jeki, chotara wa shepherd, sikio moja limesimama moja limelala. Alikufa akiwa na miezi minne kwa dalili hizihizi. Kwa miaka miwili sikumsalimia mama mmoja wa nyumba ya kona kwa sababu aliwahi kulalamika kwamba Jeki anamfukuzia kuku. Miaka miwili nampita kanisani kama simjui. Siku daktari mmoja alipokuja kumchanja mbwa wangu wa sasa, nikamsimulia kifo cha Jeki, akaniuliza maswali matatu tu: alikuwa na umri gani, alichanjwa mara ngapi, aliumwa siku ngapi. Nilijibu, na kabla hajasema kitu nilishajua. Jeki alichanjwa mara moja. Nilidhani mara moja inatosha.

Haitoshi, na hili watu wengi hawaambiwi. Mtoto wa mbwa hupata kinga kutoka kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyohiyo, ikiwa bado ina nguvu, inaizima chanjo. Hakuna anayejua kwa kumtazama tu ni wiki gani kinga ya mama itaisha. Kwa hiyo unachanja akiwa na wiki sita hadi nane, unarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka afikishe wiki kumi na sita au zaidi, halafu unarudia tena baada ya mwaka. Aliyekuuzia mbwa akikwambia "huyu ameshachanjwa", mwombe kadi. Kama hakuna kadi, hesabu kwamba hajachanjwa.

Na tafadhali, acheni maziwa. Mbwa akianza kutapika, mtaa mzima unaleta maziwa, mafuta ya kupikia, maji ya mkaa, eti yaue sumu. Mnamshika taya mnammiminia kwa nguvu. Mbwa aliyelegea hawezi kumeza vizuri, mafuta yanaingia kwenye mapafu, na sasa ana ugonjwa wa pili. Yule wa jirani alimiminiwa mafuta ya alizeti Jumamosi usiku. Niliambiwa asubuhi kwa fahari, kwamba walijitahidi.

Nakubali, sumu ipo. Wezi hutupa nyama ukutani kabla ya kuvunja, hilo sote tunalijua. Sumu ya panya nayo ipo, na ile inayozuia damu kuganda inachelewa, siku tatu hadi tano baada ya kuila mnyama anaanza kuvuja damu puani au kwenye fizi. Inatibika kwa vitamini K1 akiwahishwa. Kwa hiyo sisemi hakuna anayelishwa sumu. Nasema tumwite daktari ndiye aseme, tusiseme sisi tukiwa na fimbo mkononi.

Tena kuna sumu moja ambayo tunaipika wenyewe. Mahindi yakishaota ukungu tunasema "haya ni ya mbwa". Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu wazima na watoto, na ini la mbwa halina nguvu kuliko la kwetu. Mbwa anayekula pumba na dona la ukungu anaanza kukonda, anatapika, macho na fizi zinageuka manjano, na siku anaanguka tunamtafuta jirani. Mahindi usiyoweza kula wewe, usimpe.

Kuna jambo linanitisha kuliko haya yote. Siku moja mbwa anayetokwa mate na kushindwa kumeza hatakuwa na sumu, wala hatakuwa na mfupa uliokwama kooni kama watu wanavyopenda kudhani. Atakuwa na kichaa. Kichaa cha mbwa si lazima mbwa awe mkali anayekimbiza watu barabarani. Kuna kile cha kimya: mbwa mpole, taya limelegea, mate yanatiririka, sauti imebadilika, miguu ya nyuma inayumba. Mwenye mbwa, kwa upendo kabisa, anatia mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mkono una mchubuko wa kisu cha kukatia mboga. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa hivyo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na watoto wamo wengi. Ukiwa na mbwa wa namna hiyo usitie mkono mdomoni mwake. Mfungie, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Ukishaumwa au mate yamegusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, kisha nenda hospitali ukachomwe chanjo siku hiyohiyo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wako, na paka wako, wachanje kila mwaka. Chanjo hii mara nyingi hutolewa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mkisikia tangazo, pelekeni.

Ya paka nitasema mawili kwa sababu watu wanawaua paka wanaowapenda kwa mikono yao. Panadol ni sumu kwa paka. Si "sio nzuri", ni sumu. Ini la paka halina uwezo wa kuiondoa kama la kwetu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya matope, uso unavimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa ya kuogeshea mbwa au ng'ombe kwa ajili ya kupe, nyingi nazo zinamuua. La pili: paka dume akichuchumaa mara kwa mara analia na hakuna kinachotoka, usiseme amefunga choo ukampa mafuta. Mkojo umeziba, na ana siku mbili tatu tu. Huyo anakwenda kwa daktari usiku huohuo.

Kupe, mnawajua. Mbwa mwenye kupe aliyepoa ghafla, fizi nyeupe kama chaki, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mpeleke.

Najua mtanijibu kuhusu pesa. Watoto wanadaiwa ada na wewe unatuambia dripu ya mbwa. Sina jibu zuri kwa hilo, na siwezi kumlaumu mama yule aliyesubiri baba arudi, pengine kweli hakuwa na shilingi. Lakini kuangalia hakulipiwi. Jioni unapompa chakula, inua mdomo wake wa juu. Fizi zinapaswa kuwa za waridi na mbichi. Bonyeza kwa kidole, pawe peupe, halafu rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Tazama kama amekula, kama amekunywa, mavi yake yakoje. Ukimfanyia hivyo kila jioni utamjua akiwa mzima, na ukishamjua akiwa mzima, siku ya kwanza ya ugonjwa itakushtua badala ya siku ya nne. Nami nasema kweli: chanjo zote za mtoto wa mbwa ni rahisi kuliko siku mbili za dripu. Kama chanjo haiwezekani, basi na mbwa asubiri mpaka iwezekane.

Jana nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta baba anapigilia wavu mpya kwenye banda, mbwa mwingine anakuja Jumamosi. Nikamweleza kila nililoandika hapa, kwa upole kuliko nilivyoandika. Mwanzo hakunitazama. Nikamwambia kuhusu Jeki na mama wa nyumba ya kona. Akaacha nyundo. Tulikubaliana mbwa asije kwanza, na akija awe amemaliza chanjo zake zote. Sahani tuliichoma. Sakafu tuliisugua kwa sabuni mpaka uchafu ukaisha, kisha tukamwagia Jik, kikombe kimoja kwa vikombe thelathini vya maji, tukaiacha dakika kumi. Kwenye udongo Jik haifanyi kitu cha maana, kwa hiyo pale nje tumeacha jua lipige.

Kuhusu fundi hakusema neno. Nilipokuwa naondoka aliniuliza kama nina namba yake. Ninayo. Nikamsomea, akaiandika kwa mkaa kwenye tofali, kozi ya tano, pale ukuta ulipoishia.